Ekari moja na nusu kando ya stesheni ya Njoro

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Njoro. Nina ekari moja na nusu hatua chache kutoka stesheni ya reli. Mwanangu yuko ng'ambo, na huko ameona watu wakiacha magari kwenye viwanja vikubwa nje ya mji, kisha wanaingia kwenye treni nyepesi za umeme kwenda kazini. Ananiambia siku Nakuru itakapopata treni kama hizo shamba langu litakuwa dhahabu, kwa hiyo nianze sasa kumwaga murram na kuweka ua. Mama watoto hataki kusikia. Anasema ni msimu wa mahindi. Nani yuko sahihi?

Jibu:

Mwalimu, msimu huu pandeni mahindi. Nimetanguliza jibu usije ukaita tingatinga kabla hujamaliza kusoma. Lakini mwanao naye hajakudanganya. Alichokiona kipo, ila ameuona uwanja, hajaona kinachoujaza.

Tuanze na kazi ya viwanja hivyo, ambavyo nitaviita maegesho ya kupandia treni. Treni nyepesi ina mabehewa mafupi, inasimama kila baada ya kilomita moja hivi, na mara nyingine inapita katikati ya barabara pamoja na magari mengine. Inastawi palipo na watu wengi wa kupanda na kushuka. Ukitoka nje ya mji nyumba zinaachana, boma hapa boma pale, na huwezi kumtarajia mtu atembee kilomita nne kwenye matope ya Agosti akiwa na viatu vya ofisi. Huyo, kama ana uwezo, atakuja na gari. Ukimwambia aliache nyumbani atakucheka. Ukimwambia aliache njiani, kabla hajaingia kwenye foleni, huenda akakusikia. Uwanja ule basi ni mtego wa kuwanasa abiria ambao reli isingewafikia kwa njia nyingine.

Sasa kinachoujaza. Calgary, Kanada, ilizindua treni yake nyepesi mwaka 1981, na stesheni nyingi za pembezoni zikapewa maegesho. Asubuhi yanajaa mapema kweli. Mtu ana gari, ana mafuta, lina joto ndani, na nje kuna baridi ya Kanada. Kwa nini aliache? Sababu haiko kwenye uwanja wa stesheni, iko katikati ya mji. Calgary iliamua kwa makusudi kubana nafasi za kuegesha mjini, mpaka bei ya kuacha gari huko siku nzima ikawa miongoni mwa ghali kabisa Amerika Kaskazini. Mtu anapiga hesabu nyumbani kabla hajawasha injini.

Nottingham nchini Uingereza walikwenda mbali zaidi. Treni yao ya mjini ilianza mwaka 2004, ikiwa na maegesho makubwa kwenye ncha za reli, bure kwa anayepanda treni. Kisha Aprili 2012 wakaanzisha tozo: mwajiri yeyote mjini mwenye nafasi 11 au zaidi za kuegesha wafanyakazi wake anailipia kila nafasi, kila mwaka. Fedha zile zikasaidia kurefusha reli, na njia mpya zikafunguliwa mwaka 2015. Yaani bosi anayewarahisishia watu kuja na magari ndiye anayechangia treni ya kuwapunguza.

Linganisha na Nakuru yetu. Mwenye duka wa Kenyatta Avenue anafika saa moja asubuhi, anaegesha mbele ya mlango wake mwenyewe, analipa ada ya siku kwa simu, na gari halisogei mpaka jioni. Mteja wake anazunguka mtaa mara tatu akitafuta pa kusimama, anakata tamaa, anarudi nyumbani na pesa zake. Mwenye duka analalamika biashara ni mbaya. Mtu kama huyo utampa sababu gani ya kuacha gari Njoro? Mpaka kaunti ianze kutoza kwa saa, au ipunguze nafasi katikati ya mji, ekari yako itashindana na nafasi nzuri, ya bei nafuu, iliyo mlangoni pa kazi. Hapo utashindwa tu, hata ukiweka mazulia.

Na kuna hesabu, ambayo najua wewe hutaiogopa. Chukua kalamu nyekundu. Nafasi ya gari moja ni kama mita 2.5 kwa 5. Ongeza njia ya kupitia na ya kugeuzia, inakuwa mita za mraba 25 hadi 30 kwa kila gari. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Shamba lako, ukitoa lango, mtaro na kibanda cha mlinzi, litabeba magari 200 hivi, na hapo kila dereva awe anajua kuegesha. Gari la mtu anayekwenda kazini kwa kawaida lina yeye peke yake, mara chache na mwenzake. Tuseme watu 240. Hao ndio abiria ambao shamba zima litaipatia treni kwa siku, kwa sababu gari likishaingia asubuhi linalala pale hadi jioni.

Sasa chukua nafasi moja tu kati ya zile 200, uisimamishe matatu ya watu 14. Abiria wanashuka, kondakta anagonga bodi mara mbili, inaondoka, nyingine inaingia. Ipe kila moja dakika tatu. Kwa saa moja nafasi hiyo imepitisha matatu 20, yaani watu 280. Nafasi moja, saa moja, imeishinda ekari moja na nusu ya siku nzima. Hata ukiniambia matatu zitakuja nusu tupu, rudia hesabu na bado utaona inakoelekea. Na nafasi ile ile ya gari moja ingetosha baiskeli kumi.

Hii ndiyo sababu napingana na wenzangu wanaochora stesheni za Kenya kana kwamba zimekaa Colorado, Marekani, ambako karibu kila mtu ana gari. Simama steji ya Njoro saa kumi na mbili na nusu asubuhi uangalie wanafika vipi. Wanafunzi wa Egerton wako kwa miguu au wamepakiwa wawili wawili kwenye boda. Mama wa viazi ana magunia mawili na anabishana na kondakta kuhusu bei ya kuyaweka juu. Mwalimu mwenzako aliyevaa tai kaletwa na boda wa kila siku, ambaye hata hamlipi papo hapo, wanahesabiana Ijumaa. Magari ya watu binafsi yapo, lakini ni machache, na mengi yanapita tu. Kisumu, ambako nafanyia kazi, ni tuktuk badala ya matatu kwenye safari fupi, na watu wengi mno wanaotembea. Mpango wa usafiri endelevu wa mji uliotolewa mwaka 2020 uliweka njia za waenda kwa miguu na baiskeli mbele kwa sababu hiyo. Stesheni ya huku ikijengwa, mlango wake mkubwa unatakiwa utazame boda, tuktuk, matatu na miguu. Magari yapewe kona.

Kuna kisa cha Oakland, California, ambacho huwa nakisimulia kwenye kila mkutano mpaka wenzangu wamekichoka. Ni cha stesheni ya Fruitvale, kwenye BART, reli ya abiria ya eneo la San Francisco. Ile ni treni kubwa, si nyepesi, lakini somo halibadiliki. Mwaka 1991 shirika la reli lilitangaza kwamba litajenga jengo la ghorofa la kuegesha magari kando ya stesheni. Wakazi wa mtaa, wengi wao wenye asili ya Amerika ya Kusini na Meksiko, wakakataa. Walisema jengo lile litakaa kama ukuta kati ya treni na mtaa wao wa biashara: abiria atashuka kwenye treni, aingie kwenye gari, aende zake, na duka lisimwone kamwe. Chama chao cha maendeleo, Unity Council, kikakaa na shirika, mchoro ukageuzwa. Mwaka 2004 pale palipokuwa pa magari pakafunguliwa kijiji cha maduka, kliniki, maktaba na nyumba za kupangisha, na njia ya miguu ikapita katikati kutoka treni hadi mtaani. Magari yakasogezwa pembeni. Mwalimu, ardhi iliyo hatua chache kutoka stesheni ndiyo ardhi ambayo mtu anaweza kuishi juu yake bila kuhitaji gari kabisa. Kuilaza magari ni kama kupanda nyasi kwenye bustani ya mboga.

Nikuongezee jambo ambalo hata wataalamu hulisahau. Mtafiti Graham Parkhurst aliyachunguza maegesho ya pembezoni ya miji ya Uingereza miaka ya 1990, yale ya kupandia mabasi, akaonyesha kwamba msongamano katikati ya mji unaweza kupungua huku mwendo wa magari nje ya mji ukiongezeka. Utafiti wa Rotterdam na The Hague uliochapishwa mwaka 2013 nao ulikuta sehemu ya wanaoegesha stesheni ni watu ambao zamani walikuwa wakienda kwa basi, treni au baiskeli tangu nyumbani. Ukitaka kuelewa, mfikirie mfanyakazi wa Elburgon. Leo anapanda matatu hadi Nakuru. Gari analo, ila analiacha nyumbani kwa sababu mjini kuegesha ni usumbufu. Ukimfungulia uwanja mzuri Njoro, ataliwasha kila asubuhi. Treni imepata abiria, matatu ya Elburgon imepoteza mmoja, barabara imeongezewa gari. Matatu zikipoteza wengi hivyo, zinapunguza safari, na anayeumia ni yule mama wa viazi asiye na gari.

Je, nasema maegesho hayana maana kabisa? Hapana. Yana mahali pake, na mahali penyewe panatambulika kwa alama mbili: barabara kadhaa za mashambani zinakutana hapo, na msongamano bado haujaanza. Huku kwetu ningeulizwa pa kujaribia ningetaja Kisian. Barabara ya kutoka Busia kupitia Maseno na ile ya kutoka Bondo zinakutana pale, reli ya Butere inapita hapo hapo, na mbele yako bado kuna uwanja wa ndege na mji mzima wa Kisumu. Mtu wa Bondo akiacha gari Kisian ameokoa sehemu mbaya ya safari. Akiliacha Kondele, ndani ya mji, ameshakula foleni yote, amalizie tu. Njoro nayo ina alama ya kwanza, maana barabara za Mau Narok na Molo zinakutana kwako, na kwa hilo nampa mwanao maksi zake. Upande wa pili wa Nakuru ningeangalia Lanet kwa wanaotoka Gilgil, kabla hawajafika Free Area.

Shida ya Njoro iko kwenye reli yenyewe. Iliyopo ni ile ya upana wa mita moja, iliyofika Kisumu Desemba 1901, ikakarabatiwa majuzi hapa hadi treni ya Nairobi na Kisumu ikarudi Desemba 2021. Ni njia moja. Treni mbili hazipishani ila pale penye reli ya kupishania. Halafu ni mlima: Njoro iko juu ya Nakuru kwa karibu mita 300. Sema treni inakwenda wastani wa kilomita 40 kwa saa. Kwa umbali wa kilomita 18 hivi ni dakika 27 kupanda, 27 kushuka, na dakika chache za kugeuza. Treni moja, saa moja na ushee. Ukikosa ya saa moja asubuhi, subiri ya saa mbili na kitu. Mtu mwenye gari hasubiri saa nzima, mwalimu. Atatazama saa, atatazama ufunguo, atakwenda zake mjini. Viwanja vya Calgary hujaa kwa sababu treni za asubuhi zinafuatana kwa dakika. Kupata hilo hapa panahitajika reli ya pili au sehemu kadhaa za kupishania, umeme, na treni za kutosha. Hakuna kati ya hivyo kinachonunuliwa na mwenye shamba.

Na treni zikishanunuliwa, lazima ziendelee kutembea. Addis Ababa walifungua treni yao nyepesi mwaka 2015, ya kwanza ya aina yake barani Afrika, kusini mwa Sahara, wakiwa na treni 41. Miaka michache baadaye nyingi zilikuwa zimeegeshwa zenyewe kwa kukosa vipuri. Anayetembea hadi stesheni atanung'unika na kusubiri. Aliyekuja na gari ataondoka siku hiyo hiyo na hatarudi.

Mfano wa nyumbani ni stesheni ya Syokimau, nje kidogo ya Nairobi, iliyofunguliwa Novemba 2012. Ile si treni nyepesi, ni ya abiria wa mjini inayovutwa kwa dizeli, lakini wazo la kuacha gari na kupanda treni lilikuwepo tangu mwanzo, na uwanja wa kuegesha ukatengenezwa. Treni zenyewe ni za asubuhi na jioni zaidi. Hapo utaona swali ambalo kila mwenye gari hujiuliza: nikichelewa kazini jioni, itakuwaje? Gari langu liko kule, mimi niko huku, treni ya mwisho imeshaondoka. Jambo hilo likimpata mtu mara moja tu, mwezi mzima ataendesha mwenyewe. Kwa hiyo saa ya treni ya mwisho ina uzito kuliko ukubwa wa uwanja.

Usalama nao. Niliwahi kuacha gari kwenye uwanja wa stesheni moja, sitaitaja, nikarudi jioni nikakuta vioo vya pembeni vyote viwili vimeng'olewa kwa ustadi, hata rangi haijakwaruzwa. Mlinzi alikuwepo. Alinieleza kwa upole kabisa kwamba yeye analinda lango, magari hayamhusu. Tangu siku hiyo, nikiulizwa maegesho yanataka nini, nataja taa, mlinzi anayezunguka na stakabadhi inayosema wazi nani anawajibika, kisha ndipo nataja lami.

Turudi shambani kwako. Kabla ya lolote, mwite mpima ardhi akuonyeshe mpaka wa hifadhi ya reli kwa vigingi, si kwa maneno, na ufanye upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi. Kando ya reli ya Kisumu hadi Butere wapo waliobomolewa wakati wa ukarabati, na wengine walikuwa wamekaa miaka mingi wakiamini wako kwao. Ukishajua chako ni chako, ujue pia kwamba kugeuza shamba kuwa biashara kunahitaji kibali cha kaunti cha kubadilisha matumizi ya ardhi.

Suala la maji ya mvua usilidharau. Uwanja wa magari 200 ni ekari na nusu isiyonywa maji, iliyodondoshewa mafuta ya injini. Mvua ya Njoro ikishuka, yote yanateremka Mto Njoro, na mto huo mwisho wake ni Ziwa Nakuru, ambalo halina mto wa kutoa maji nje. Kinachoingia kinabaki. Ukiwahi kufikia hatua ya kujenga, acha ukanda wa nyasi na mtaro wa kuchuja pembeni kabla maji hayajafika barabarani.

Mtu akija na mkataba wa kukodi, na watakuja kama habari za treni zitaanza kusikika, usiuze na usikodishe kwa miaka thelathini. Kodisha miaka mitano, sehemu ya nyuma tu, na andika kwamba hakuna lami wala zege bila idhini yako ya maandishi. Murram unaweza kuuparua ukarudi kwenye mahindi. Mbele, upande unaotazama stesheni, usimpe mtu wa magari kwa bei yoyote. Hapo ndipo pa maduka, vyumba vya kupangisha wanafunzi, choo safi cha kulipia. Choo hasa, hakuna stesheni niliyowahi kuona yenye vyoo vya kutosha.

Kama mkono unakuwasha na lazima ufanye kitu mwaka huu, zungumza na mama mgawane. Yeye abaki na ekari. Wewe chukua kile kipande cha barabarani, upige mabati juu, uweke benchi, mahali pa boda kumi kusimama bila kukanyaga mahindi, na bomba la kuoshea pikipiki. Treni isipokuja, boda wapo tangu jana.